Tupeane uzoefu: mawe yenu ya figo yalitibiwaje?

Ndugu zangu, naomba kila aliyewahi kuugua mawe kwenye figo aeleze jiwe lake lilikuwa na ukubwa gani, lilikaa wapi na lilitokaje, kwa sababu naona watu wanaelekezana dawa bila kuulizana vipimo. Naanza mimi. Maumivu yalinishika saa nane usiku, ubavu wa kushoto, yakishuka hadi kwenye kinena, nikakosa mkao wa kukaa wala kulala. Sindano ya diklofenaki iliyatuliza, na picha ya siti skani ikaonyesha jiwe la milimita 4 lililokwama kwenye mrija unaoshusha mkojo, karibu na kibofu. Daktari alisema mawe ya ukubwa huo mengi hutoka yenyewe, akaniandikia tamsulosini ya kulegeza mrija, akaniagiza nichuje mkojo. Nilitumia chujio la chai kwa siku tisa. Siku ya kumi nikaliona: la kahawia, kama punje ya mtama, lenye ncha zinazokwaruza kidole. Maabara walisema ni la kalsiamu oksaleti, ambalo haliyeyuki kwa dawa.

Mchangiaji wa kwanza:
Langu lilikuwa la milimita 14, ndani ya figo. Nilipoteza miezi mitano nikinywa mizizi aliyonichemshia shangazi kwa nia njema kabisa. Baadaye nilipigwa mawimbi ya kuvunja jiwe kutoka nje ya mwili, mara mbili, lisipasuke kwa ugumu wake, ndipo likasagwa kwa leza iliyopitishwa kwenye njia ya mkojo, bila kupasuliwa. Kilichonitesa ni mpira mwembamba niliowekewa ndani ya mrija wa mkojo kwa wiki mbili, kwani kila haja ndogo ilichoma na kutoka na damu, na hakuna aliyekuwa amenitahadharisha. Ulizeni mapema tarehe ya kuutoa, maana ukisahaulika hushika mawe mapya.

Mchangiaji wa pili:
Mume wangu alipata homa na kutetemeka juu ya maumivu hayo. Mkojo uliozibwa ulikuwa umeingia maambukizi, hivyo walimtoboa mgongoni kuuondoa na kumpa antibayotiki kwanza. Jiwe lilitolewa wiki tatu baadaye. Homa ikiungana na maumivu ya ubavu, nendeni hospitali usiku huohuo.

Mwanzisha mada:
Pole sana, dada. Je, jiwe lake lilipimwa aina? Kama ni la asidi ya yuriki, hilo huweza kuyeyushwa kwa potasiamu sitrati, kwa hiyo mwulizeni daktari kabla halijarudi.