MREJESHO: Stempu nyekundu ya peni moja, bamba 77 au 177?

Wakuu, ile stempu ya Malkia Victoria niliyouliza kama ni ya bamba 77 (bamba ndilo sahani ya kuchapia stempu, na kila moja lina namba yake) nimeikagua upya. Ni 177. Mlioniambia nitazame pande zote mbili, asanteni sana: kwenye toleo hili la Uingereza lililoanza 1864, namba ya bamba imefichwa ndani ya nakshi, kushoto na kulia mwa kichwa cha malkia. Kushoto wino wa muhuri umeimeza ile 1, zimebaki saba mbili tu. Kulia, nilipoiinamisha chini ya lenzi mwanga ukiipiga ubavuni, 1 ikajitokeza, nyembamba lakini ipo.

Bamba 77 lilikataliwa, ndiyo maana stempu zake ni za kuhesabika na bei zake hazisemeki. Za 177 zimejaa tele. Utajiri tuuweke kando kwanza!

Kwa aliyeuliza herufi za kwenye pembe za stempu: chini ni H na C, juu zimebadilishana nafasi, C na H. Yaani ilikaa mstari wa 8, ya 3 kutoka kushoto, kwenye karatasi ya stempu 240. Herufi hizo hazikuambii stempu ni ya bamba lipi, maana kila bamba lilikuwa na HC yake.