Chuo cha jamii California: je, klabu za wanafunzi zina manufaa kwa anayetaka kuhamia chuo kikuu?

MsafiriWaTanga:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma mwaka wa kwanza katika chuo cha jamii (community college) kusini mwa California kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na nia yangu ni kumaliza miaka miwili hapa kisha nihamie chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme. Nyumbani nilisoma shule ya bweni, ambako jioni palikuwa na mpira, mdahalo na kwaya, na hakuna aliyeulizwa kama anataka. Hapa hakuna bweni. Maegesho ya magari hujaa asubuhi, na ikifika saa nane mchana wengi wameshaondoka kwenda kazini au kuwachukua watoto wao shuleni.

Mwanzoni mwa muhula klabu zilipanga meza zao uani, nikajiandikisha katika kadhaa, na sasa barua pepe zinamiminika kuliko ninavyoweza kuzisoma. Muhula huu nina krediti 14, yaani vipimo vya wingi wa masomo, zikiwemo za kalkulasi na fizikia, pamoja na kazi ya saa chache maktabani. Je, niachane na klabu nishike masomo? Na ni kweli, kama wasemavyo wenzangu, kwamba bila klabu maombi ya kuhamia hayana uzito?

FundiWaya:
Ndugu Msafiri, karibu. Mimi nilipita njia hiyo hiyo na sasa nipo chuo kikuu. Wenzako wamekuza jambo. Kwa anayehamia katika fani ya uhandisi, University of California hutazama kwanza kama umemaliza masomo ya lazima ya fani hiyo na kwa alama gani. Ukianguka kalkulasi, hakuna klabu itakayokuokoa. Fomu ya maombi ina sehemu ya shughuli na tuzo, ni kweli, lakini humo humo ndimo unapoandika kazi ya malipo na ya kujitolea, kwa hiyo saa zako za maktabani tayari zina mahali pake.

Hata hivyo nisingekushauri uache klabu zote. Chagua moja iliyo karibu na fani yako, kisha uchukue wajibu ndani yake, kwa kuwa jina lililoandikwa kwenye karatasi za klabu tano halimwambii msomaji chochote. Mimi nilikuwa mweka hazina wa klabu ya roboti. Tulipotaka kununua mota na betri, ilibidi kwanza kikao kipitishe ombi na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu, mlezi wa klabu atie saini, ofisi ya shughuli za wanafunzi iidhinishe, ndipo tununue. Na stakabadhi ikipotea, fedha hazirudi. Urasimu huo ulinichosha, lakini nilipotakiwa kueleza katika insha za maombi nilivyowahi kuongoza wenzangu, nilikuwa na jambo halisi la kusimulia.

Faida kubwa zaidi ilikuwa mlezi mwenyewe, ambaye alikuwa mwalimu wangu wa fizikia. Kwa kawaida University of California haidai barua za mapendekezo, lakini vyuo vingi binafsi na wafadhili wengi huzidai, na mwalimu aliyekuona ukihangaika na saketi isiyowaka ataandika barua tofauti kabisa na yule anayelijua jina lako kwa kulisoma kwenye orodha ya mahudhurio.

MamaWatatu:
Kaka FundiWaya amesema vyema, lakini amesema kama mtu asiyekuwa na watoto. Mimi nilikuja Marekani na familia kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikaanza chuo nikiwa na umri mkubwa, na masomo yangu yote yalikuwa ya jioni. Klabu karibu zote zilikutana adhuhuri, katika ile saa ambayo chuo hakikupanga vipindi vingi ili wanafunzi wapate nafasi ya kukutana. Ni utaratibu mzuri, ila sisi wa jioni saa hiyo tulikuwa kazini. Katika vyuo vingi vya California ada ya shughuli za wanafunzi ni ya hiari. Asiyeweza kuzitumia huduma zake aulize jinsi ya kuondolewa ada hiyo badala ya kunung'unika kama nilivyofanya mimi muhula mzima.

Nilichokipata ni zamu ya Jumamosi katika stoo ya chuo inayowagawia wanafunzi chakula bure, kupanga makopo ya maharage na kuwahudumia wenzangu waliokuja na mabegi matupu. Zamu hiyo haikuwa na uenyekiti wala katiba, na niliiandika katika maombi yangu kama kazi ya kujitolea, sambamba na malezi ya familia. Dada zangu wenye majukumu ya nyumbani wasidhani kwamba hawana cha kuandika.

MbioNdefu:
Nyongeza fupi kwa wanaowaza michezo. Vyuo vya jamii vya California hushindana chini ya chama chao cha jimbo, ambacho hakiruhusu ufadhili wa michezo. Anayetegemea miguu yake imlipie ada atazame vyuo vilivyo chini ya NJCAA, chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo vya miaka miwili, kama South Plains College cha Levelland, Texas, ambacho kimewapokea wakimbiaji wengi kutoka kwetu Kenya. Mazoezi ni alfajiri, na safari za mashindano hula wikendi. Hapo usihesabu klabu nyingine.

MsafiriWaTanga:
Ninawashukuru nyote. Nimebaki na mawili. Nimepata mwaliko wa Phi Theta Kappa unaodai ada, nikaingiwa na wasiwasi kuwa ni utapeli. Pia mwenzangu ananishawishi nigombee nafasi katika serikali ya wanafunzi, ambayo ina posho.

DawatiLaUshauri:
Ninafanya kazi katika ofisi ya huduma za wanafunzi, ingawa si chuoni kwenu. Phi Theta Kappa si utapeli. Ni jumuiya ya heshima ya vyuo vya miaka miwili, iliyoanzishwa mwaka 1918, na mwaliko hutegemea alama zako. Lakini kuipenda ni jambo moja na kuilipia ni jingine. Baadhi ya vyuo vikuu vina ufadhili maalumu kwa wanachama wake wanaohamia. Angalia kwanza kama vile unavyovikusudia vimo, na kama havimo, fedha hiyo inunue kitabu.

Kuhusu kugombea, nafasi hizo zina kazi ya kweli, hasa ile ya mwakilishi wa wanafunzi katika bodi inayosimamia wilaya ya chuo, ambayo sheria ya California inaitaka iwepo. Vikao vyake hurefuka hadi usiku, na kwa mtu mwenye kalkulasi na fizikia ningependekeza nafasi ndogo zaidi mwaka huu. Kabla ya kupokea posho yoyote, iulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa maandishi, kama inahesabiwa kuwa mshahara, kwa sababu ikihesabiwa hivyo saa zake zitajumlishwa na za maktabani, na mwenye F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Aidha, usishuke chini ya krediti 12, kiwango cha chini kwa mwenye F-1, kwa ajili ya wadhifa huo. Uchaguzi kwa kawaida hufanyika katika muhula wa machipuko (spring), kwa hiyo muda wa kuuliza unao.