Nimetolewa kizazi na kazi yangu ni ya ghala: nirudi kazini lini?

Mtunza Ghala, Mwanza

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa waliopitia jambo hili au wanaolifahamu kitaalamu. Nina umri wa miaka 44, na hii ni wiki ya tano tangu niondolewe kizazi kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukinitoa damu nyingi kila mwezi, hadi ikabidi niongezewe damu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Nilipasuliwa tumboni, mshono umelala chini ya kitovu, na daktari alinieleza kwamba ovari zote mbili zimeachwa. Mshono umekauka, sina homa, na damu iliyokuwa ikitoka kidogo kidogo imekatika.

Kinachoninyima usingizi ni kazi. Ni mtunza ghala katika kampuni binafsi ya bidhaa za jumla. Kwenye karatasi kazi yangu ni kupokea mzigo, kuhesabu na kuandika, lakini gari likifika na vibarua ni wachache nabeba katoni kama wengine, napanda ngazi kukagua rafu za juu, na siku za kuhesabu mali nasimama tangu asubuhi hadi jioni. Meneja amenipigia simu kwa upole akasema kwamba upasuaji huu kwa kawaida ni wiki sita, hivyo ananitarajia wiki ya saba. Wifi yangu, ambaye ndiye anayeniuguza, anasisitiza kwamba ni miezi mitatu kamili bila kupungua. Mwili wenyewe unanipa majibu tofauti kila siku: leo naweza kutembea hadi sokoni na kurudi, kesho nikimaliza kuoga nataka kulala. Uamuzi huu hufanywa kwa kuangalia nini? Na nikiomba muda zaidi, mshahara wangu utakuwaje?

Mama Tumaini

Pole sana dada, na hongera kwa kuvuka salama. Mimi nilifanyiwa upasuaji kama wako kwa sababu hiyo hiyo, ila kazi yangu ni ya uhasibu, ya kukaa kwenye kiti, kwa hiyo tafadhali usipime muda wako kwa muda wangu. Nilirudi wiki ya nane kwa makubaliano ya maandishi kwamba mwezi wa kwanza nitafanya kazi hadi saa saba mchana tu. Maumivu hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni uchovu, ambao ulinijia ghafla baada ya chakula cha mchana nikashindwa hata kufuatisha tarakimu zilizo mbele yangu, na bila ule mpango wa nusu siku sidhani kama ningemaliza wiki.

Jambo lililonisaidia kuamua ni kuishi siku kadhaa nyumbani kana kwamba ni siku za kazi: kuamka saa ile ile, kuvaa, kutembea hadi kituo cha daladala, kukaa na kusimama kwa saa zile zile bila kujilaza, kisha kuangalia nilivyoamka kesho yake. Usisahau safari yenyewe, kwa sababu kusimama kwenye daladala iliyojaa, ikiruka mashimo, kunaumiza tumbo kuliko saa nyingi za ofisini. Na ukijikuta unalia bila sababu, ujue wengi tumelia, hata sisi tuliokuwa tumeshamaliza kuzaa.

Muuguzi, wodi ya wanawake

Pole dada. Nianze na hizo wiki sita, kwa sababu zinawachanganya wagonjwa na waajiri vilevile. Wiki ya sita ni wakati ambao mara nyingi mgonjwa huitwa kliniki akaguliwe. Haimaanishi kwamba siku hiyo mwili umerudisha nguvu zake zote. Aliyefanyiwa kwa matundu madogo au kupitia ukeni huweza kurudi kwenye kazi nyepesi mapema zaidi, hata baada ya wiki tatu au nne, lakini aliyepasuliwa tumboni kama wewe huhitaji wiki sita hadi nane, na kazi ya kunyanyua mizigo husogeza muda huo mbele.

Sababu yake iko ndani, mahali usipopaona. Ngozi hufunga katika wiki mbili hivi, ndiyo maana mshono unaonekana umepona, lakini utando mgumu wa ukuta wa tumbo ulioshonwa chini yake huchukua miezi kurudisha uimara. Kuna mshono mwingine pia juu ya uke, pale kizazi kilipokuwa, ikiwa shingo yake nayo imeondolewa. Ukinyanyua kitu kizito, msukumo wa tumbo hutua kwenye sehemu hizo mbili, na matokeo yanaweza kuwa ngiri kwenye kovu au mshono wa ndani kufumuka. Kwa wiki sita za kwanza tunawaambia wagonjwa wasinyanyue zaidi ya kilo nne au tano. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na katoni zako nadhani hazipungui hapo. Tendo la ndoa nalo husubiri hadi baada ya ukaguzi huo.

Uchovu wako una chanzo cha pili: ulipoteza damu kwa muda mrefu kabla ya upasuaji. Omba kipimo cha wingi wa damu kabla ya kurudi kazini. Hata kikisoma vizuri, vidonge vya kuongeza damu mara nyingi huendelea kwa takriban miezi mitatu ili akiba ya madini ya chuma ijae. Usivimeze pamoja na chai, kwani chai huzuia chuma kisifyonzwe. Kwa kuwa vidonge hivyo hufunga choo, na kujikamua chooni ni mzigo ule ule kwa mshono, kula papai na mboga za majani na unywe maji ya kutosha.

Wifi yako anakutakia mema, lakini kama anataka kukukanda tumbo kwa maji ya moto kama mzazi, mkatalie kwa heshima. Kulala muda wote nako hakufai, kwa sababu kutembea kila siku hupunguza hatari ya damu kuganda mguuni. Rudi hospitali mara moja, bila kusubiri tarehe ya kliniki, ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, mkojo unaovuja wenyewe, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au kifua kinachobana.

Afisa Utumishi

Kuhusu mshahara, kwa Tanzania Bara jibu liko kwenye kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiriwa aliyepita miezi sita kazini ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Siku 63 ni wiki tisa, kwa hiyo kama hukuwa umetumia likizo ya ugonjwa huko nyuma, kusubiri hadi wiki ya tisa hakukupunguzii chochote. Sharti ni cheti cha daktari, na bila cheti mwajiri halazimiki kulipa. Asikubali mtu yeyote, hata kwa nia njema, siku hizi zikatwe kwenye likizo yako ya mwaka, kwa sababu sheria hairuhusu. Wasomaji wa Zanzibar wana sheria yao, na walioko Kenya wana kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu katika kila miezi 12, hivyo wao waanze kwa kusoma mikataba yao.

Cheti kinachoandika tu kwamba mgonjwa anafaa kurudi kazini ndicho huleta ugomvi, kwa kuwa meneja hukisoma kama ruhusa ya kubeba. Mwombe daktari aandike usichoruhusiwa kufanya na hadi tarehe gani: kunyanyua, kupanda ngazi, kusimama saa nyingi.

Baba Wawili

Shemeji, mke wangu alipotoka hospitali tulidhani anapumzika, kumbe alikuwa akipiga deki na kufua kwa mkono kila nilipotoka. Kabla ya kuhesabu wiki za mapumziko, hesabu ni nani anayechota maji hapo nyumbani. Mtu anayefanya kazi za nyumbani wiki zote sita atarudi ghalani amechoka kuliko alivyotoka wodini.

Mtunza Ghala, Mwanza

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimemwandikia meneja kwamba nitampa tarehe baada ya kliniki, na kwamba nikirudi nitaomba mwezi mmoja wa mezani, kwenye vitabu, huku mzigo ukipokelewa na kijana niliyemfundisha. Amekubali. Kijana wangu wa kidato cha pili ameshika ndoo. Muuguzi, swali la mwisho: kliniki niulize nini zaidi ya kipimo cha damu?

Muuguzi, wodi ya wanawake

Uliza majibu ya maabara ya nyama iliyoondolewa, usiondoke bila kuyaona, kwa sababu uvimbe hupelekwa kupimwa na wagonjwa wengi hawarudi kuyachukua. Uliza pia kama shingo ya kizazi imeondolewa au imeachwa. Ikiwa imeachwa, utaendelea na uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi kama mwanamke mwingine yeyote. Na ukianza kupata joto la ghafla na jasho usiku, mweleze daktari, maana hata ovari zikiachwa, baadhi ya wanawake hufikia ukomo wa hedhi mapema kidogo baada ya upasuaji huu.