Sweta la mikono ya popo linabana kwapani

Mfumaji wa Kikuyu, Dodoma:
Habari zenu wapendwa. Ninamfumia mama sweta la mikono ya popo, yaani mkono na kiwiliwili ni kipande kimoja, kwa kuwa upepo wa Juni na Julai hapa Dodoma humtesa sana jioni. Nilipomjaribisha, akiinua mkono kufikia kanga kwenye kamba, kwapa linakaza na pindo linapanda juu ya kiuno. Nimekosea wapi?

Kondoa:
Pole, dada. Bila shaka uliongeza vishono vya mkono kwa ghafla karibu na bega, ndiyo maana kwapa limekuwa kona badala ya mteremko. Anza kuongeza mapema, juu kidogo ya kiuno, kishono kimoja kila upande baada ya kila mistari miwili. Pia pima sampuli, yaani kipande kidogo cha majaribio: ikiwa sentimita 10 zina vishono 20, kifua cha sentimita 100 pamoja na nafasi ya sentimita 10 kinahitaji vishono 110 mbele na 110 nyuma.

Mpwapwa:
Mwenzangu amesema kweli. Nami naongeza kwamba mikono hiyo hubeba uzi mwingi, na sufu nzito huvuta bega chini. Tumia uzi mwepesi, kisha unganisha mabega kwa mshono imara usiolegea.

Mfumaji wa Kikuyu, Dodoma:
Asanteni sana. Nimefumua hadi kiunoni, mama mwenyewe akikunja uzi, na leo nimeanza mteremko upya.