Tamasha letu la muziki Moshi: tufundisheje jazi ili kitu kibaki baada ya jukwaa kubomolewa?

Mwalimu wa Rau (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi na mjumbe wa kamati inayoandaa tamasha dogo la muziki la siku mbili. Mwaka jana tulitenga asubuhi ya Ijumaa ili wageni watatu wawafundishe wanafunzi jazi. Walipiga vizuri mno, wakaeleza habari za New Orleans, mji wa Marekani ilikozaliwa jazi, watoto wapatao 60 wakapiga makofi, kisha vyombo vikafungwa na wageni wakaondoka. Wiki mbili baadaye niliwauliza wanafunzi wangu wamebakiwa na nini, na mmoja akanijibu kwa unyofu kabisa kwamba anaikumbuka soda.

Mwaka huu sitaki kurudia jambo hilo. Tuna kinanda kimoja, magitaa mawili na ngoma chache, na fedha zetu haziwezi kuajiri mwalimu wa kudumu. Aidha, baadhi ya wajumbe wanasema jazi ni muziki wa hotelini, wa kuwaburudisha watalii walioshuka mlimani, na kwamba mtoto wa Pasua au Njoro hana haja nao. Mnatushauri nini?

Mpulizaji Mstaafu, Kiboriloni

Mwalimu, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuchapisha mabango. Nimepuliza tarumbeta tangu nikiwa kijana, kanisani na katika bendi za dansi, kwa hiyo niruhusu nirefushe kidogo.

Hao wajumbe wako wakumbushwe kwamba neno lenyewe si geni kwetu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya mwaka 1944 ambayo baadaye ilimlea Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz: wazee wetu walicheza jazi kabla ya hoteli nyingi za mji huu kujengwa.

Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Unasema huna vyombo, nami naona vimekuzunguka. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na katika urithi wa Kilutheri walioupanda umo upulizaji wa tarumbeta, ambao hadi leo unasikika katika sharika nyingi za mlimani. Jumamosi simama kando ya barabara yoyote kubwa ya Moshi, utaona gari la wazi limebeba wapulizaji wakiongoza msafara wa harusi. Wapulizaji wa namna hiyohiyo utawakuta msibani. Huko New Orleans nako bendi za tarumbeta zilisindikiza jeneza kwa tenzi za polepole, na baada ya maziko zikarudi mjini kwa muziki wa kuchangamka. Jazi ilikulia mikononi mwa bendi za aina hiyo. Hata Louis Armstrong, mpulizaji mashuhuri wa jazi wa huko, alifundishwa kupuliza koneti (ndugu mfupi wa tarumbeta) kwa utaratibu katika bendi ya nyumba ya malezi ya watoto, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola mtaani usiku wa kuukaribisha mwaka 1913. Basi mtoto wa Njoro aliyewahi kukimbia nyuma ya gari la matarumbeta ameshaanza somo, ila hakuna aliyemwambia.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wageni wako huenda walilipuuza. Tarumbeta nyingi ni za B-fleti, maana yake mpulizaji akisoma C, sauti inayotoka ni B-fleti ya kinanda. Mkianza na bluzi ya vipimo 12 katika ufunguo wa B-fleti, wapulizaji watakuwa nyumbani katika C yao, na kodi zenyewe ni tatu tu (nazungumzia za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, si za nyumba). Vipimo vinne vya kodi ya kwanza, viwili vya ya nne, viwili vya ya kwanza tena, kimoja cha ya tano, kimoja cha ya nne, na viwili vya kurudi nyumbani. Wapiga gitaa watanung'unika kwa kuwa wamezoea C na G, waacheni wanung'unike. Mzunguko huo ukishakaa sikioni, kila mtoto apewe mizunguko miwili aseme la kwake, yaani abuni papo hapo kama wafanyavyo wanajazi.

Mama wa Kwaya, Sanawari

Shikamoo mzee Mpulizaji. Nimekusoma kwa furaha, lakini naomba nikupinge mahali pawili.

Kwanza, tusiwadanganye watoto. Bendi hizo zilibeba jina la jazi kwa sababu lilikuwa jina la fahari, lakini uti wa mgongo wa muziki wao ulikuwa dansi na rumba, iliyochota sana kutoka Kuba kupitia sahani za santuri za kampuni ya HMV, za mfululizo ulioitwa GV, zilizoanza kutoka mwaka 1933. Mtoto akisikia Morogoro Jazz halafu Armstrong, atagundua mwenyewe kwamba mapigo hayafanani, na atajiuliza kwa nini mwalimu alimwambia ni kitu kimoja. Afadhali asikilizishwe vyote viwili na aulizwe tofauti iko wapi.

Pili, tarumbeta za usharika ni mali ya usharika. Mkitaka kuzitumia kwenye tamasha ambalo jioni litauza bia, wazee wa kanisa watawauliza maswali, na wana haki. Nendeni kwao mapema, mkiwa na barua na ratiba ya mazoezi.

Ugumu mwingine nimeuona katika kwaya yangu. Waimbaji wetu husoma solfa vizuri ajabu, lakini ukiwaondolea karatasi wanaganda kama wameitwa polisi. Kubuni papo hapo kuanzie mdomoni: mwalimu aimbe kipande kifupi, mtoto akijibu kwa kipande chake, kama tunavyoimba na kuitikia katika nyimbo za jando au za kuvuna. Wiki tatu za hilo kabla ya kushika chombo si wiki zilizopotea.

Na wasichana, Mwalimu? Vikundi vya tarumbeta ninavyovijua vimejaa wavulana. Mazoezi yakiwa saa 12 jioni, binti hataruhusiwa nyumbani.

Kijana wa Ngarenaro

Wakubwa shikamooni. Arusha tunajulikana kwa hip hop, na wanafunzi wengi tayari wanachana mitindo huru. Hiyo nayo ni kubuni papo hapo juu ya mzunguko unaojirudia. Mwalimu, mpe kijana huyo vipimo 12 aghani juu yake kabla ya mpulizaji kuingia, ataelewa jazi haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Ila msiweke tamasha tarehe 30 Aprili kwa sababu tu UNESCO waliitangaza kuwa siku ya jazi mwaka 2011. Mnaijua masika ya Moshi.

Mpulizaji Mstaafu, Kiboriloni

Marahaba wanangu. Mama wa Kwaya, kuhusu rumba umenishinda, ingawa nitaendelea kuziita jazi hadi nizikwe. Niongeze moja tu. Zanzibar, chuo cha muziki cha Dhow Countries kilianza mwaka 2002, na tamasha la muziki la Sauti za Busara likaanza mwaka 2004. Darasa lilitangulia, jukwaa likafuata. Mwalimu, ninyi mmeanza na jukwaa, kwa hiyo mna deni la darasa. Tena msisahau kwamba Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, hapo karibu na Usa River, kinafundisha shahada ya muziki. Waulizeni kama wanafunzi wao wanaweza kuja kufundisha kwa vitendo.

Mwalimu wa Rau (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na mwenyekiti wetu na amekubali, kwa shingo upande, kwamba fedha za hoteli na usafiri wa wageni watatu ziende kwenye mazoezi ya Jumamosi, saa 4 hadi saa 6 mchana, kwa wiki 12 kabla ya tamasha: nauli za daladala, chai, na posho ya mkufunzi mmoja. Tutachukua watoto 20 badala ya 60, nusu yao wasichana. Mgeni mmoja atakuja, lakini atakuja wiki ya tisa na atapiga pamoja nao, si mbele yao. Barua ya usharika naiandika leo usiku.

Mzee Mpulizaji, umeshajua swali langu linalofuata. Jumamosi ya kwanza utakuwa na nafasi?

Mpulizaji Mstaafu, Kiboriloni

Meno mawili ya mbele sina tena, lakini kusikiliza na kugomba bado naweza. Nitakuwepo saa 3 na nusu. Kila mtoto awe na kidomo chake; sitaki kuona wakipokezana.