Tableti ya Wi-Fi pekee au yenye laini?

Swali: Wakuu, mimi ni afisa ugani wilayani Kilosa, je, tableti inayopokea laini inastahili nyongeza ya bei, ilhali simu yangu inaweza kuirushia intaneti?

Jibu: Kwa kazi za mezani simu inatosha, ingawa betri yake itaisha upesi.

Jibu: Mkuu, kwa kazi ya mashambani chukua yenye laini, kwa kuwa iPad ya Wi-Fi pekee haina kipokezi cha GPS, hivyo hata ukipakua ramani mapema, kile kitone cha buluu kinachoonyesha ulipo hakitakufuata unapozunguka mipaka ya shamba.

Jibu: Naunga mkono, ila iPad Pro ya 2024 yenye laini hutumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi, kwa hiyo usiende dukani na kadi ya laini mkononi.