Umeme kwenye uti wa mgongo: kwa nini ni miguu tu kila siku?

Wadau tulijadili hili bila jazba. Zinazunguka sana video za mtu aliyepooza, kawekewa elektrodi (vipande vya kupitishia umeme) mgongoni, kasimama kashika fremu, juu yake maandishi makubwa ANATEMBEA TENA. Mi naona hela na matumaini vinapelekwa sehemu isiyo sahihi.

Teknolojia yenyewe si utapeli, hilo niseme mapema. Rob Summers aligongwa na gari 2006 akapooza kuanzia kifuani, 2011 timu ya mtafiti Susan Harkema kule Louisville, Marekani, ikaonyesha kwamba umeme ukiwashwa anasimama kwa uzito wake mwenyewe, wanamshikilia asiyumbe tu. 2018 Louisville tena, hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani na watafiti wa Uswisi kina Courtine na Bloch wakaonyesha watu wanapiga hatua. Lakini itazame video vizuri, mara nyingi kuna mikanda inambeba kwa juu, nyuma yake kuna miezi ya mazoezi, na wengi ukizima mashine miguu inalala tena. Umeme hauungi uti uliokatika jamani, unaziamsha neva za chini ya jeraha ziweze kusikia ile amri kidogo ya ubongo inayopenya bado.

Sasa wenyewe wanataka nini? Mtafiti Kim Anderson aliwauliza watu 681 walioumia uti, majibu yakatoka 2004. Walioumia shingoni karibu nusu walitaja kwanza mikono. Waliopooza miguu tu, kilichoongoza ni tendo la ndoa. Kutembea hakukuongoza upande wowote. Mtu anataka ashike kikombe mwenyewe, ajiwekee mpira wa mkojo bila kumwita mtu, nyie mnamletea habari za kutembea.

*

Mtoa mada mi niko kwenye kiti, nimeumia kifuani, na kusimama nakutaka, usinisemee. Halafu unasahau kitu, huyo Summers baada ya mazoezi na umeme hata kibofu na tendo la ndoa vilipata nafuu. Wangeacha kuhangaika na miguu hayo wangeyajuaje?

*

Mkuu nimekupata, na kukusemea sikutaka. Hapo kwenye kibofu uko sahihi kabisa, ila ndio hoja yangu hiyo hiyo, mbona hayo hayapewi kichwa cha habari? Desemba 2024 Marekani imeruhusu ARC-EX, kifaa kinachobandikwa juu ya ngozi ya shingo bila upasuaji, kazi yake mikono. Kwenye jaribio la watu 60, 72% walipata nguvu na matumizi ya mkono vyote viwili, na kuna walioumia miaka mingi nyuma. Umeisikia kama ulivyosikia za kutembea?

Hata hiyo nina neno nayo. Hakukuwa na kundi la kubandikiwa kifaa kilichozimwa, kila mtu alifanya mazoezi miezi miwili kisha miwili mingine na umeme, kwa hiyo hamu ya kupona nayo imo mle ndani ya matokeo. Na msije mkanunua vimashine vya kusisimua misuli mkajibandika wenyewe nyumbani, aliyeumia T6 (pingili ya sita ya mgongo, usawa wa kifua) au juu yake presha inaweza kumpanda ghafla mpaka ikamuua, kichwa kikianza kugonga na jasho usoni zima haraka, kaa wima, kagua mpira wa mkojo kama umeziba, tafuta msaada.

Walioumia shingoni mko humu? Nyie semeni, miguu au vidole?